Katoni ya Vifaranga Kutoka Limuru

Dada yangu Mwende amepanga chumba Kawangware, na nyuma ya chumba hicho kuna banda la mabati ambalo mwenye ploti, Mzee Njoroge, alimruhusu kufugia kuku. Vifaranga wa kwanza aliwaagiza mwezi wa Juni. Waliletwa na pikipiki ya kukodi, katoni ikiwa haijafunikwa na chochote, na wengi wao wakafa kwa baridi kabla ya siku mbili kuisha. Mzee Njoroge akamwambia kwamba banda likikaa tupu hadi mwisho wa Julai, nafasi hiyo atampa mtu wa kuosha magari. Mwende akaagiza vifaranga mia wengine kutoka Limuru, kule juu kwenye baridi. Safari hii alitaka waletwe na mtu mwoga, na katika familia yetu, kwa woga mimi sina mshindani.

Mimi nina leseni ya pikipiki, niliyoichukua nikisubiri kazi inayolingana na digrii yangu. Nilikubali Jumatatu. Kuanzia siku hiyo hadi Ijumaa nilisoma kwenye simu jinsi watu wa nchi za theluji wanavyoendesha pikipiki bila kuganda. Niliandika kurasa tatu.

Ijumaa, saa tisa alasiri, Soko la Toi. Mama mmoja wa Kitui alikuwa ametundika jaketi nene la bluu juu ya marundo yake ya mitumba. Nikalipima, nikalivua, nikalipima tena.

"Hili ni la mtu wa theluji," akaniambia.

"Ninaenda Limuru tu."

"Ehe. Enda kwanza, halafu utaniambia."

Nikalinunua pamoja na glavu za sufu na soksi ndefu. Nikarudi chumbani kwangu katika mtaa wa Lindi, karibu na soko hilo, na kuvaa kila kitu mbele ya kioo: fulana tatu, sweta, suruali mbili, kisha jaketi. Sikuweza kukunja viwiko. Nikapunguza fulana moja, nikalala nikijiuliza kama ndiyo hiyo itakayonikosesha uhai.

Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Soweto West, mtaa jirani na wangu. Pikipiki ilikuwa ya Wanyonyi, mtu wa boda ambaye tulikuwa tukicheza kandanda pamoja. Aliitoa nje akiwa amevaa jaketi lake kinyume, zipu mgongoni, kama wanavyovaa wenzake wote Julai ikifika. Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Niaje, msomi. Unaenda Limuru ama mwezini?"

"Kuna baridi."

"Iko. Lakini hiyo jaketi geuza. Upepo utaingia kwa zipu."

Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo. Jaketi likigeuzwa, mgongo unabaki na mwanya mrefu, na mimi sikuona sababu ya kuhamisha tundu kutoka mbele hadi nyuma. Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa upole.

"Sawa, msomi. Rudisha nduthi yangu ikiwa nzima. Wewe ukiganda ni shauri yako."

Saa kumi na mbili na robo, Kawangware. Nilipita Barabara ya Ngong, nikakata kwenye Barabara ya Naivasha, na nilipofika kwa Mwende meno yangu yalikuwa yakigongana. Nilimkuta juu ya kiti, nyundo mkononi, akipigilia karatasi ya nailoni kwenye kuta za banda. Akanipa kipande kikubwa kilichobaki.

"Kioko, usiwaache waguswe na upepo hata kidogo," akasema. "Wale wa kwanza nilikuwa nikiwaokota kila nikifungua mlango."

Kuanzia Uthiru barabara hupanda. Kinoo nilianza kupoteza vidole. Kule Rironi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba magari ya mbele yalionekana kama taa mbili zisizo na gari. Upepo ulipita katikati ya meno ya zipu ukanikaa kifuani, sahani ya baridi yenye upana wa kiganja. Nilisimama mara mbili kukanda mikono juu ya injini. Kila niliposimama nilipitia orodha yangu kichwani kutafuta nilichosahau.

Saa mbili asubuhi, Limuru. Mahali wanapoangulia vifaranga palikuwa na joto, harufu ya maranda na makelele ya ajabu. Mwanamke aliyenikabidhi katoni alinionyesha matundu ya pembeni.

"Haya yasizibwe," akasema.

Nilimsikia vizuri. Lakini nje manyunyu yalikuwa yameanza, na nilipofunga katoni nyuma ya pikipiki kwa kamba za mpira niliona matone yakiingia katika yale matundu. Nikawaza: hewa iliyomo ndani inatosha kwa saa moja, baridi inaua kwa dakika. Nikaizungushia katoni nailoni ya Mwende mara mbili, nikakaza kila pembe. Nilijiona nimefanya kazi safi.

Nikateremka polepole. Mwanzoni niliwasikia kila niliposimama. Baadaye sikuwasikia, na nikajiambia kwamba wamepata joto wamelala.

Saa tatu na nusu, Kinoo. Vidole vilikataa kuvuta klachi, nikasimama penye kibanda cha chai ambapo watu wa boda walikuwa wakiota moto. Mmoja wao, mzee mwenye ndevu za mvi na jaketi lililogeuzwa, akaja akaegemea mzigo wangu.

"Umebeba nini, kijana?"

"Vifaranga."

"Na wamenyamaza hivi?"

"Wamelala. Wako na joto."

Aliweka kiganja juu ya nailoni, akaniita nitazame. Upande wa ndani ulikuwa umejaa matone, kama kifuniko cha sufuria. Akachana kwa ufunguo wake. Harufu nzito ya joto ikatoka. Vifaranga walikuwa midomo wazi, mabawa yamelegea, na katika pembe moja walikuwa wamelala wasiotikisika. Tukawatoa hao. Walikuwa kumi na mmoja, na mikononi mwangu walikuwa bado na joto kuliko mimi.

"Hawa hawajaona baridi," mzee akasema. "Umewapika."

Tukawaacha wengine wapumue kando ya moto hadi wakaanza kulia, mmoja, wawili, kisha wote. Mzee akakata nailoni, akaifunga juu ya katoni na upande wa mbele peke yake.

"Na nyuma?" nikauliza.

"Nyuma waachie. Baridi ya pikipiki inatoka mbele. Wewe unakimbia, itakufuata aje kwa mgongo?" Kisha akanitazama kifua. "Sasa vua hiyo, tukuvalishe kama watu."

Akanishikia jaketi, nikaingiza mikono, akanifunga zipu mgongoni kama mama anayempeleka mtoto nasari. Wenzake wakacheka.

"Graduation hiyo," mmoja akasema, asijue kwamba kwangu ilikuwa ya pili.

Kuanzia hapo hadi Kawangware upepo ulinigonga na kuteleza pembeni. Nilikuwa na joto, na kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kutunga maelezo. Manyunyu, ukungu, barabara ndefu. Kila mtu angeamini kwamba kumi na mmoja wamechukuliwa na baridi ya Limuru.

Saa nne unusu, Kawangware. Mwende alifungua katoni kabla sijazima injini.

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Ni baridi?"

Mlango wa banda ulikuwa wazi nyuma yake. Nailoni ilifunika kuta zote, mwanya wa chini ya paa, hata nyuma ya mlango, na ndani majiko mawili ya makaa yalikuwa yamewaka. Niliingiza kichwa, nikahisi macho yakiwasha na paji la uso likibana.

"Si baridi," nikasema. "Niliwafunga nailoni ile uliyonipa. Niliambiwa matundu yasizibwe, nikayaziba. Na hapa pako hivyo hivyo. Ukiwaweka humu ufunge, jioni hutampata hata mmoja. Na wewe ukiingia kuongeza makaa sijui kama utatoka."

Akatazama kuta zake, misumari ya siku mbili. Nilingoja anitukane. Alienda chumbani, akarudi na kisu cha jikoni.

"Kata wewe," akasema. "Mimi nimechoka na nyundo."

Tulitoa majiko yote mawili nje moshi uishe, tukafungua mwanya wote chini ya paa upande usio na upepo, tukarudisha jiko moja.

Jioni Mzee Njoroge alipita, akasimama mlangoni.

"Kumi na mmoja wamekufa," Mwende akamwambia kabla hajaulizwa.

"Mimi nasikia walio hai," mzee akasema. Akainamisha kichwa kuwatazama. "Wa magari nitamwambia atafute kwingine."

Jumapili nilirudisha pikipiki Soweto West, nikatembea hadi Lindi. Nilichojifunza ni kwamba hofu yangu ina mikono, na mikono hiyo kazi yake ni kuziba. Kuijua hakujaiponya. Jumatatu nilimpigia Mwende simu mara nne kuuliza hali ya banda. Mara ya tano alichoka nami. Aliipeleka simu ndani, nikawasikiliza wakilia.