Banda la Wenye Mizigo

Mniwie radhi, wasomaji, kwa mwandiko wangu mbaya na herufi nitakazokosea. Nilisoma shule ndogo tu, na mkono wangu huenda polepole.

Juzi alipita mtu hapa Kilole na mzigo wa tumbaku, na harufu ile ikanirudisha kwenye njia ya mlimani. Mama yangu, Mzigua, alikuwa amefariki kwetu Sindeni, na baba alikuwa ameandikwa kazi katika shamba la mkonge la Mdachi. Basi akanipeleka Usambara kwa bibi, mama yake, anilee.

Tangu Korogwe baba alitembea kama kinyonga. Alisimama kunionyesha mijusi, akasimama kunywa maji ya kila kijito. Jua lilikuwa halijazama tulipofika kwenye banda la njiani. Ndani mlinuka tumbaku, jasho na moshi wa kuni mbichi. Wapagazi wawili walikuwa wametua mizigo yao.

Mmoja akamwambia baba, "Shemeji wa Wazigua, umebeba nini hata ulale hapa? Banda hili ni la wenye mizigo. Kwa mama yako si hapo juu tu?"

"Mtoto amechoka," baba akajibu.

"Huyu? Mbona anaruka kama mwana mbuzi?"

Wakacheka. Mimi sikuwa nimechoka hata kidogo. Lakini kwetu mtoto hamwaibishi mzazi mbele ya watu, hivyo nikajilaza upesi, nikafumba macho, nikapumua kama mtu aliyelala. Baba alinifunika shuka yake. Nilisikia akimenya ndizi ya kuchoma.

"Mwanangu, umelala?"

Sikujibu. Akauliza tena, kwa sauti ndogo zaidi. Kisha usingizi wa kweli ukanichukua.

Asubuhi tulifika kwa bibi umande haujakauka. Baba alimwamkia mama yake, hakukaa, akashuka. Homa ilimchukua huko mkongeni; sikumwona tena.

Nilipokua, nikaanza kumbebea bibi tumbaku kwenda Korogwe. Ndipo nilipoona kwamba kutoka bandani hadi kwake ni mwendo mfupi tu, wa muda wa kusonga ugali. Baba alikuwa akitafuta usiku mmoja zaidi wa kukaa nami, nami, kwa kumsitiri, nikaulala.

Wenzangu mlioachwa kwa bibi zenu, niandikieni, hata mistari miwili. Ningependa kujua kama nanyi mna swali ambalo hamkulijibu.