Soya ya Damaris na Chai ya Mama Nyakerario

Umande haujakauka kwenye michai ya Ekerenyo, lakini moshi umekwisha kutanda jikoni kwa Damaris Kemuma. Ameinamia sufuria ya maziwa ya soya, anakoroga taratibu. Anatia chinsaga iliyosagwa, mboga ile chungu inayopendwa na Wakisii, na maziwa yanageuka kijani. Kisha anakamua ndimu. Mwiko unasimama.

"Sasa usiniongeleshe," anasema. "Ikikataa kuganda, nitaila mwenyewe wiki nzima."

Inaganda. Anaimimina kwenye kitambaa, anaikandamiza kwa jiwe, na baadaye anaikata vipande vya jeli vinavyotikisika sahanini.

Sokoni, Jasper, mwendesha boda boda, anamsubiri kwa utani wake wa kila siku.

"Mama, leo umetuletea chakula ama sabuni?"

"Nunua kwanza. Ukitoa povu nitakurudishia pesa."

Jasper anacheka, anatoa shilingi hamsini, anaondoka akitafuna.

Damaris alijifunza kazi hii kanisani, Masese, afisa wa lishe, alipokuja kuwafundisha akina mama. Masese anaeleza kwamba protini ya soya inapoganda huyashika madini ya chuma ya mboga, yale yanayoongeza damu, kama kikapu kilichosukwa vizuri. "Tumboni kikapu hicho hakivunjiki haraka," anasema. "Kinafunguka mbele, kwenye utumbo, mahali mwili unapopokea lishe."

Maneno hayo yalimfanya Damaris amkumbuke mtu mmoja tu: Nyakerario, dada mkubwa wa mama yake, aliyemlea huko Kiogoro. Damu ya bibi huyo ilikuwa imepungua mno, na vidonge vya madini vilimchoma tumbo hata akavikataa.

"Huyo ndiye mama ninayemjua," Damaris anasema. "Kila nikifunika soya kwa majani ya ndizi ili iote, namwona akifunika wimbi la uji vivyo hivyo. Jikoni kwake kulinuka wimbi lililoota na moshi wa mkaratusi. Sisi watoto tulikunywa uji, kila mmoja na kibuyu chake. Aliyemaliza mwisho ndiye aliyeviosha vyote, kwa hiyo sote tuliugugumia mpaka ndimi zikaungua."

Basi akawa anamtumia jeli kila wiki. Masese alipouliza bibi anaila na nini, Damaris hakusita: na uji wa wimbi.

Baada ya miezi mitatu zikaja habari mbaya. Damu haikuongezeka hata kidogo. Nyakerario hakuweza tena kufika msalani bila kushikwa mkono, na zahanati ikaonya kwamba hali ikiendelea hivyo atalazwa na kuongezwa damu.

"Nilitaka kuziuza sufuria zote," Damaris anasema. "Nilijiona nimemlisha mama yangu matumaini matupu."

Alifunga safari hadi Kiogoro. Asubuhi alimwona bibi akiila jeli yote, bila kubakisha hata chembe, na kuishushia kwa kikombe cha chai iliyochemshwa ikawa nyeusi. Kisha kikombe cha pili.

"Mama, uji uko wapi?"

"Uji gani? Wimbi tuling'oa ulipoolewa tu. Mzee akapanda chai shamba lote. Tangu tumzike, nikishika kikombe hiki asubuhi naona ni kama ameketi pale."

Nyumbani kwa Damaris, nyumba ya Waadventista Wasabato, chai ni ya kuchumwa na kupelekwa kituoni kuuzwa, haiingii kikombeni. Na Kiogoro ya kichwani mwake haikuwahi kung'olewa wimbi.

"Nilikuwa nampelekea chakula mama wa zamani," anasema. "Huyu wa sasa sikumuuliza lolote."

Alimpigia simu Masese, naye akamweleza kwamba chai kali huyakamata madini kabla mwili haujayapokea. Bibi aliposikia alikunja uso.

"Nyinyi watu wa Sabato! Mlinikosa kanisani, sasa mmenifuata kwenye kikombe?"

"Mama, sikunyang'anyi chai. Isogeze tu."

Walibishana hadi mchana. Mwishowe wakakubaliana: asubuhi jeli na uji wa wimbi la kununua sokoni, chai saa tisa alasiri. "Na usinipunguzie majani," bibi alionya. "Mzee hakuipenda iliyopauka."

Kipimo cha mwisho kimeonyesha damu imeanza kupanda. Bado haitoshi, lakini hakuna tena anayezungumzia kumlaza, na bibi anafika mlangoni peke yake.

Ekerenyo, Damaris hauzi tena kipande kabla ya kumuuliza mnunuzi atakila na nini. Wengine humcheka, maana ni nani katika milima hii atakayeambiwa aahirishe chai? Wawili watatu wameacha kununua. Anawaacha waende.

Amepata mbegu za wimbi, na mvua ikija atapanda mistari michache nyuma ya nyumba ya Nyakerario. Kwa sasa, kila anapomtembelea, humchumia chai yake pia, kwa kuwa bibi hajaingia shambani tangu augue. Jioni humwonyesha kikapu, na bibi huitikia kwa kichwa tu na kushukuru.

"Hiyo shukrani inaniumiza," Damaris anasema. "Mama huyu alikuwa akikagua kila jani. Ukimchanganyia majani makuukuu, alikumwagia kikapu chote chini uchague upya. Mimi naomba siku moja anifuate mpaka mle michaini, anigombeze."