Nafasi Ile Haikuwa Wazi

"Dada, hapo si peupe?" mtaalamu aliniuliza. "Unangoja nini?"

Kwenye skrini palikuwa na ramani ya diski, na katikati ya ramani palikuwa na pengo: silinda mia nne zisizo na mwenyewe.

"Hapo si peupe," nikamwambia.

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, katikati ya mji wa Mwanza. Tuna kompyuta moja kubwa ya zamani, ile wanayoiita meinfremu, ambayo ilikuja kwetu ikiwa imeshatumika kwingine. Ndani yake tunatunza kumbukumbu za hospitali na zahanati za kando ya ziwa. Kila moja ina mashine yake pepe, yaani kompyuta isiyo na kiwiliwili, inayoishi ndani ya ile kubwa na kujiona iko peke yake. Kazi yangu ni kuzipa nafasi. Diski imegawanywa kwa silinda zenye namba, na mashine ikijaa nafungua orodha, naandika mstari mmoja: diski yako mpya inaanzia silinda fulani, ina silinda kadhaa. Kisha naifomati, inakuwa safi, tayari kuandikwa. Ukikosea namba umemfomati jirani, na hakuna kengele inayolia.

Siku hiyo hospitali moja ya upande wa Usagara ilikuwa imejaa tangu jana yake. Wagonjwa walikuwa wanaandikwa kwenye karatasi, na bosi alitaka jambo liishe kabla ya saa sita mchana. Ndiyo maana alimleta mtaalamu kutoka Dar, mtu mwenye digrii mbili, aketi karibu yangu na kunionyesha pengo ambalo nilikuwa nalijua kuliko ninavyokijua chumba ninachopanga.

Pengo lile lilikuwa zahanati. Ilikuwa juu kidogo ya Kamanga, ng'ambo ya pili, na ilifungwa zamani. Mkataba wake ulipokwisha, mashine yake iliondolewa kwenye orodha. Lakini kuondolewa kwenye orodha si kufutwa kwenye diski. Ramani husoma orodha tu. Pasipo na mstari husema ni wazi, hata kama chini yake kila kitu kimelala vilevile.

Nilijua kilicholala pale kwa sababu nilikiandika kwa vidole vyangu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na cheti cha kidato cha nne. Nilikuwa navuka na pantoni kila Jumatatu, nalala huko mpaka Ijumaa, na kazi yangu ilikuwa kunakili vitabu vya vizazi. Muuguzi mkuu alikuwa anasoma kwa sauti, mimi naandika: tarehe, jina la mama, uzito, jinsi. Kulikuwa na watoto walioitwa kwa mvua, kwa njaa, kwa siku ya gulio, kwa babu aliyefariki wiki hiyo. Muuguzi akifika kwa mtoto aliyempokea katika shida alikuwa anasimama kusoma, ananisimulia. Ilikuwa kazi ya miezi saba, na sijapata nyingine niliyoipenda hivyo. Hata hivyo niliiacha. Mimi ndivyo nilivyo, nikikaa sana mahali miguu inawasha. Nimekwenda Geita, Bukoba, Kahama, Dar, na kila mji niliukumbuka vizuri baada ya kuuhama. Sasa kuna daraja pale Busisi, watu wanapita kwa dakika chache wanashangilia, na mimi bado nakumbuka foleni ya kivuko na samaki wa kukaanga.

Baada ya mimi kuondoka, upepo uling'oa bati za zahanati na mvua ikavimaliza vile vitabu. Kanda za akiba tulizokuwa nazo mjini zilipata ukungu, na mashine ya kuzisoma ilikufa. Zilibaki zile silinda mia nne.

Na siku hiyo, kwenye benchi la mapokezi, alikuwa amekaa mama mmoja kutoka ng'ambo. Ilikuwa mara yake ya pili kuvuka. Binti yake alihitaji cheti cha kuzaliwa, na wilayani walitaka uthibitisho wa pale alipozaliwa. Asubuhi nilipopita nilimsalimu kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, akaitikia, kisha akanishika mkono.

"Dada, wilayani wamesema nenda mjini. Mjini mkasema rudi wiki ijayo. Leo mtasema niende wapi, Ulaya?"

"Leo kaa hapo, mama."

Bosi aliingia chumba cha mashine akiwa na simu mkononi. "Hospitali wanapiga. Tatizo nini?"

"Anakataa kutumia nafasi, mzee," mtaalamu akasema.

"Kuna watoto humo," nikasema.

"Wale si wateja wetu tena. Mkataba uliisha."

"Mkataba ulifungwa na zahanati, mzee. Watoto hawakutia sahihi. Walikuwa wanazaliwa."

"Usinifanyie mzaha. Fomati."

"Sifomati."

"Basi mpishe mwenzako afanye."

Neno la siri la kubadili orodha nilikuwa nalo mimi peke yangu. Niliweka mikono mapajani. Bosi alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyelala katikati ya barabara. Sikuogopa. Nimefukuzwa kazi mara mbili na kuacha mwenyewe mara tano. Kufukuzwa naweza. Kumfuta mtoto niliyeandika uzito wake, hapana.

Mtaalamu aliigeukia skrini. "Una uhakika gani kama bado wamo?"

"Tuwaangalie."

Nilitoa kauntabuku ninayoandika kwa penseli kila mgawo wa diski, wa sasa na wa zamani. Nikasoma silinda ya kwanza na hesabu yake, nikaandika mstari uleule kwenye orodha, chini ya mashine yangu mwenyewe, kwa ruhusa ya kusoma tu. Namba zingepishana kidogo, tungeona takataka. Sikufomati. Nikaiunganisha.

Faili zikajipanga. Nikafungua ya kwanza, majina yakashuka kwenye skrini, ya mvua, ya njaa, ya gulio.

Mtaalamu alivuta kiti. "Kumbe ng'ambo kule mlikuwa mnazaana hivi?"

"Usiku hakukuwa na umeme, mdogo wangu."

Alicheka. Bosi hakucheka. "Na hospitali?"

"Mashine ya majaribio tuliyompa huyu bwana ina diski mbili, na moja haijawahi kuandikwa kitu."

"Hiyo ni yangu!" mtaalamu akaruka.

"Ndiyo, ni yako. Haina mgonjwa hata mmoja."

Alibishana kidogo, kisha akahakikisha mwenyewe kuwa ni tupu, akakubali. Niliitoa kwake, nikaiandika kwa hospitali, nikafomati, nikaiunganisha bila kuizima mashine yao. Saa sita kasoro wakapiga simu kwamba inapokea. Nikarudi kwenye silinda za zahanati, nikatafuta mwezi na jina la mama, nikampelekea mama wa benchi ukurasa wenye mhuri. Aliusoma taratibu, kidole kikifuata mstari. "Kilo tatu kasoro," akasema. "Ndiyo huyo."

Barua ya onyo nilipewa jioni, kwa kukaidi amri. Niliipokea. Bosi alitaka na barua ya kuomba radhi, na hiyo sijaiandika mpaka leo.

Niliziandikisha zile silinda chini ya mashine isiyoweza kuingiwa na mtu, ili yeyote atakayesoma ramani aone zina mwenyewe. Na kila mkataba unapoisha, bosi hunitumia jina la kuondoa kwenye orodha. Jina naliondoa. Silinda zake nazihamishia huko, naandika kwa penseli, na akiniuliza mbona nafasi haiongezeki, namwambia anunue diski.