Khaki ya Ofisi Kwenye Bafu za Wasichana

Siku yangu ya kwanza katika shule ile ya bweni ya wasichana, hapa Isiolo, matroni alinionyesha cherehani ya miguu na rundo la mashuka yaliyochanika. "Mama Halima," akasema, "hapa fundi hashoni urembo." Nilitia cherehani mafuta nikaanza. Nilikuwa nimetoka kwenye baraza la duka la vitambaa mjini, ambako tajiri alinifundisha kushona suruali kwa kunipigia kelele, kwa hiyo matroni hakunitisha.

Bafu za wasichana hazikuwa na milango. Walimu wakuu walikuja wakaondoka, na milango ikabaki ahadi. Wengi wa wasichana walilelewa kujisitiri tangu wadogo. Basi walioga kwa zamu, mmoja akimshikia mwenzake leso, na wengine wakaacha kuoga kabisa. Iliniuma.

Nikashona mapazia ya pamba nyepesi nyeupe. Nilipima vizuri, nikaongeza nusu ya upana ili pazia likunjike, nikapiga macho ya chuma, vile vishimo vya kupitishia kamba. Yalipendeza yakiwa makavu, na hapo ndipo nilipokosea. Yalipolowa, yalinata mwilini na kuonyesha kila kitu.

Kabale, msichana wa kidato cha pili kutoka kijiji cha Rapsu, alikuja kwangu analia. "Mama, hii pazia ni mbaya kuliko bila. Wamenicheka. Mimi naenda nyumbani, na sirudi." Sanduku lake lilikuwa limeshafungwa.

"Nipe siku mbili," nikamwambia.

Stoo kulikuwa na khaki nzito, iliyonunuliwa kwa mapazia ya ofisi ya mwalimu mkuu. Sikuomba ruhusa, maana nilijua jibu. Nilikata kila pazia lifike karibu na sakafu, nikaunga kwa mshono wa jinzi, ule unaokunjwa mara mbili usifumuke. Kwenye pindo la chini nilitia vifuko vya kokoto, kwa sababu upepo wa Isiolo hauna adabu. Kisha nikalimwagia kila moja ndoo ya maji, nikasimama nyuma yake, nikamwita Kabale atazame. Alizunguka mara mbili. Halafu akaenda kufungua sanduku.

Mwalimu mkuu aliniita.

"Mama, kitambaa cha ofisi yangu kiko bafuni?"

"Kiko, mwalimu. Ofisi yako ina mlango."

"Utayashusha mapazia hayo leo."

"Mimi sishushi. Ukitaka, nenda uyashushe mwenyewe, wasichana wakiwa ndani."

Hakwenda. Alinihamishia jikoni kuchambua maharagwe, na cherehani ikafunikwa gunia. Nilikaa huko hadi nilipostaafu. Vidole vyangu vilichoka na jina la fundi likanitoka. Nilikasirika, sitadanganya. Lakini kila asubuhi, kupitia dirisha la jikoni, nilimwona Kabale akipita kwenda darasani, ametoka kuoga, mpaka alipomaliza kidato cha nne.

Ninyi mafundi wa leo mnaniuliza kama pazia la kitambaa linafaa bafuni wakati plastiki imejaa sokoni. Linafaa, mkilijaribu likiwa limelowa. Na wale wanaoniambia, hata sasa, kwamba ningemwomba mwalimu mkuu msamaha nirudishiwe cherehani yangu, jibu langu ni lile lile. Khaki ile niliikata mimi, kwa mkasi wangu, na ningeikata tena kesho.