Fahali Aliyelala Nje

Wewe uliyekulia Susuni enzi zetu huhitaji kuambiwa ndama walikuwa wanalala wapi. Walilala ndani, nyuma ya ukuta mwembamba wa fito na udongo, na sisi watoto upande wa pili tukiwasikia wanavyohema. Harufu ya ndama na moshi wa kuni ndiyo ilikuwa harufu ya nyumbani. Watoto wa siku hizi wakisimuliwa hayo wanakunja pua, na umeme ukikatika kabla simu hazijajaa chaji wanajiinamia kama waliofiwa. Siwacheki sana. Kila kizazi kina cha kuogopa kukikosa, na sisi tuliogopa kukosa ng'ombe.

Hata michezo yetu ilikuwa ya ng'ombe. Tulichimba udongo mtoni, tukafinyanga madume na majike, tukajenga zizi la vijiti, kisha kundi moja likavamia zizi la wenzake. Kaka yangu Mwita, niliyemfuata kuzaliwa, alikuwa na fahali wa udongo mwenye pembe za miiba. Jioni ikifika, wengine walitupa ng'ombe wao uani na kukimbilia ugali. Yeye wa kwake alimlaza chini ya kitanda. Tata, ndivyo tulivyomwita baba kwa Kikurya, alipomwona alicheka mpaka akashika mbavu, akasema huyo ndiye mrithi. Alikuwa na usemi wake: "Mali hulala ndani. Kinacholala nje ni cha mwizi." Hakuwa anatania. Kila mzee wa kijiji chetu alishawahi kuamka akakuta zizi tupu.

Kisha Tata akauza fahali, akavuka mpaka pale Sirari kwa binamu zake wa Kenya, akarudi na jenereta juu ya mkokoteni. Halikuwa jipya, lakini kwetu lilikuwa la kwanza. Akalipa jina la Fahali, kwa kuwa ndilo lililochukua nafasi ya yule aliyeuzwa. Jioni alilitoa uani, akavuta kamba, likakohoa, likanguruma, na balbu moja ikawaka ndani. Majirani walikuja kukaa chini mbele ya televisheni ndogo isiyo na rangi iliyokuja pamoja nalo. Mama aliwagawia uji wa ulezi, na Mwita alikuwa msemaji wa mashine ile, akiwaeleza watu wazima wapi panatiwa petroli na wapi panatiwa oili. Ilikuwa raha, jamani. Nikifumba macho bado namwona, kifua mbele. Wakishaondoka, Tata aliligusa Fahali kuona kama limepoa, kisha akalisukuma hadi chumba cha ndama, likalala huko.

Jioni moja ilinyesha mvua ya mawe. Tangu mchana kulikuwa na uvumi kwamba watu wasiojulikana wameonekana upande wa pili wa mto, na Mwita alikuwa kitandani na malaria. Tata hakutaka mgonjwa akae gizani, na hakutaka Fahali linyeshewe wala lionwe. Akaliingiza chumba cha ndama likiwa linanguruma, akafunga mlango na dirisha, akaenda kuimarisha lango la zizi. Mama na mimi tulikuwa jiko la nje tukimpikia Mwita uji. Hakuna aliyejua kwamba moshi wa mashine una sumu. Moshi tulizaliwa nao, tukalelewa nao, nani angeuogopa?

Mama aliporudi na uji, taa ilikuwa inawaka vizuri tu. Ndama wote walikuwa chini. Mwita naye hakuamka.

Tata alilikokota jenereta hadi nyuma ya zizi akaliacha huko. Likaota kutu, kuku wakataga mayai chini yake, na miiba ikalifunika. Hadi anaingia kaburini hakulitaja tena, ila mara moja, alipokuwa mgonjwa, aliponiambia, "Nilimlinda fahali, nikamsahau mtoto." 

Kwa desturi yetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya mama, kwa hiyo niko naye hapa. Nyumba sasa ni ya tofali na bati, umeme upo, na ndama wana banda lao. Lakini kifua cha mama kimechoka kwa miaka yote ya kupuliza kuni, na daktari amempa mashine ya oksijeni ambayo hapaswi kuachana nayo. Umeme wetu nao unaujua: wingu likijikusanya tu, umekwenda. Tuna mtungi wa oksijeni wa akiba, ila masika haya umeme ulichelewa kurudi, mtungi ukawa unaelekea kwisha, na nikaona midomo ya mama ikibadilika rangi. Uliporudi, nikajua lazima jenereta liingie tena katika boma letu.

Nilinakili maandishi ya nyuma ya mashine ya oksijeni, inakula umeme kiasi gani, nikaenda na karatasi hiyo Tarime mjini. Binamu yangu wa Isebania, ng'ambo ya mpaka, alinipigia simu kunishauri nichukue lake lililotumika: "Hii iko sawa kabisa, haina shida, ni kuosha kabureta tu." Nilimshukuru nikakataa. Kitu kitakachoshika pumzi ya mama sitaki kianze kwa kuoshwa. Nikachagua la petroli la ukubwa wa kati, linalotosha mashine, taa na friji bila kuhema.

Nikarudi nalo, na mama alipoliona dirishani juu ya bodaboda akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Nimeshazika mmoja," akasema. "Hilo halilali ndani ya nyumba yangu."

"Halitalala ndani, mama. Litalala nje, mbali, ng'ambo ya zizi."

Akanitazama. Alikuwa mke wa Tata miaka mingi na usemi ule aliujua kuliko mimi. "Na wakija kuliiba?"

"Waliibe."

Mashine yake iliendelea kupuliza. Kisha akasema taratibu, "Baba yako hakuweza kulisema neno hilo." Akageukia ukutani akalia, nami nikatoka nje nikalia pia, mzee mzima.

Kibanda nilikijenga mwenyewe, paa la bati, pande zote wazi, bomba la moshi likielekea bondeni, mgongo kwa madirisha yetu. Fundi umeme akafunga swichi ya kubadilishia, ili umeme wetu usije ukarudi kwenye nguzo ukamuua mtu aliye juu akitengeneza waya. Tukaliwasha, likanguruma kidogo, likazima. Tukaliwasha tena, likazima tena. Vijana wa jirani walikuja na ushauri wa kila aina: mmoja plagi, mwingine petroli ya kuchakachua, wa tatu alikuwa ameshaiona dawa kwenye simu yake. Tukabadilisha plagi, tukamwaga petroli, wapi. Mwisho nikainama nikaitazama sakafu, nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimeimwaga kwa mteremko, kama mtu wa kwetu anavyomwaga sakafu ya zizi ili mkojo wa ng'ombe utiririke. Jenereta lilikuwa limeinama, oili imekimbilia upande mmoja, na mashine ikidhani imekaukiwa inajizima. Nikaweka jiwe chini ya miguu ya upande mmoja mpaka likakaa sawa, nikavuta kamba, likawaka moja kwa moja. Kesho yake nikaimwaga upya sakafu ya zege, safari hii bila mteremko.

Juzi alasiri mvua ilishuka kutoka upande wa Nyanungu na umeme ukakatika. Mashine ya mama ikapiga kelele. Nilikimbia mvuani, nikavuta kamba, nikageuza swichi, na niliporudi pumzi yake ilikuwa imetulia.

"Liko nje?" akauliza.

"Liko nje, mama."

Enzi zetu tulilala usingizi mzito, kila tulichokithamini kikiwa chini ya paa moja nasi, kikihema. Mimi usingizi ule siupati tena. Nakaa kitini karibu na kitanda chake, nasikia jenereta likinguruma kule mvuani, halina mlinzi wala mlango, na mtu yeyote anayepita barabarani anaweza kuliona. Ndani yumo mama tu.