Nimeagizwa Nisome Kwamba Hatujawahi Kumpoteza Ndugu

Admin, nakusihi ufiche jina langu. Nanyi mtakaosoma, maneno haya yaishie hapa. Johannesburg ni kubwa, ila sisi wa Kiswahili tunajuana.

Nina miaka 26, Mkenya, karani katika ofisi ya mawakili Marshalltown. Wakili mwenye ofisi alinipa kazi kwa sababu sote tulipitia chama kimoja cha udugu wa wanafunzi pale Braamfontein. Kila anayejiunga hupewa kaka wa kumsimamia maisha yake yote, na wangu ni yeye. Jumamosi hii tawi letu linatimiza miaka ishirini. Desturi ni kwamba mmoja wa wadogo husimama kwenye karamu akasoma historia ya tawi na majina ya wanachama wa kukumbukwa. Kila jina likitajwa, ukumbi mzima huitika, "Wetu." Mwaka huu wa 2018 msomaji ni mimi.

Nikitafuta picha za zamani, nilielekezwa kwa mama Mkongomani anayesuka nywele Jeppestown. Mwanawe alikuwa mwenzetu, kabla mimi sijajiunga. Siku ya kupokelewa walimsimamisha ndani ya tangi la maji juu ya paa, mwezi wa saba, na baridi ya huku mnaijua. Alishikwa na nimonia, akafa. Aliyetoa amri pale kwenye tangi ni kaka yangu, yule wakili.

Nilipomuuliza anataka nini, mama alinijibu huku anasuka. "Papa, miye sitaki kufungisha mutu. Usome tu jina ya mwana yangu, na batu baitike."

Niliongeza jina kwenye orodha. Kaka akalikata. "Sema hivi, mdogo wangu: tangu tuanze hatujampoteza hata ndugu mmoja."

"Kaka, mama yake atakuja kusikiliza."

Akacheka. "Eish, wewe ungefaa upadri. Kibali chako cha kazi kinaisha lini vile?"

Kinaisha mwezi ujao, na bila yeye sipati kingine. Wazazi wangu wananitegemea. Nikilisoma jina, nimekwisha. Nikisoma uongo, nitausoma mbele ya aliyemzaa. Nikisingizia ugonjwa, atausoma mwingine.

Ndugu zangu, nishikeni mkono, nifanye nini? Msinipigie, simu yangu ni ya ofisi. Shaurini hapa chini; nitasoma yote, sitajibu. Na kama wewe ni wa tawi letu na siku ile ulikuwa juu ya paa, mwandikie admin faraghani kabla ya Ijumaa. Usieleze chochote. Sema tu kwamba utaitika.