Minazi Kwenye Mgongo wa Karata

Mabwana wa klabu ile hawakuwa na jambo la kujivunia ila ukuta wao. Klabu yenyewe, ya faragha, iko kando ya ziwa, Homa Bay, na wanachama wake ni wanunuzi wa dhahabu ya machimbo ya Osiri, wakandarasi, na maafisa waliostaafu kazi bila kustaafu ulaji. Kabla ya ukuta huo kujengwa, hapo ndipo mama yangu na wenzake walipoanika omena, dagaa wa ziwani. Siku hizi wanaanika kando ya barabara, vumbi la malori likitua juu ya samaki. Mnunuzi huonja, hutema mchanga, kisha huenda zake.

Haya nilikuwa nikiyajua siku mwenyekiti wa klabu alipoingia katika duka la uchapaji la mjini Migori, nilikoajiriwa nilipohitimu stashahada ya usanifu. Alitaka karata za klabu yake. Wafalme wote wanne wawe na sura za wanachama. Hakuna aliyekubali kuwa jeki, kwa hiyo jeki wangebaki na nyuso za Kizungu. Kuhusu malkia hakusema lolote. Nadhani hakuna mke aliyeulizwa.

"Na mgongoni," alisema, "nataka wanawake wa omena. Wanaanika, jua linachomoza, ziwa nyuma yao. Urithi wetu, unaelewa?"

"Na wako wapi wanawake hao, mzee?"

"Watafutwe. Wewe si msichana wa huko?"

Nilimjibu kwamba mama yangu ni mmoja wao, na kwamba sura ya mtu haichapishwi bila ridhaa yake. Alicheka, akamtazama tajiri wangu, ambaye naye alicheka kwa adabu.

"Madam Diploma," tajiri wangu aliniambia baadaye, "chapa karata. Siasa waachie wanasiasa."

Mama aliposikia hakukasirika. Aliuliza tu kama lango la klabu lingefunguliwa picha ipigwe ndani, kisha akasema, "Tutakuja na omena mbichi. Sisi si waigizaji, nyathina, mwanangu."

Walikuja alfajiri na makarai yao, wakatandaza nyavu kuukuu juu ya nyasi za klabu zilizokatwa kama nywele za bwana harusi, wakamwaga omena na kuitawanya kwa viganja. Nilipiga picha jua lilipotoka. Ilikuwa nzuri. Mwenyekiti akashukuru, akawaambia sasa waondoe vitu vyao.

"Omena ikishaanikwa haiinuliwi mbichi," mama alisema. "Itaoza."

"Itakauka lini?"

"Liulize jua."

Mtoto yeyote aliyelelewa kando ya ziwa lile analijua jambo hilo. Mwenyekiti alizaliwa huko, na huwahutubia wageni wake juu ya urithi; hakulijua. Alitaka kazi ya mikono bila mikono, na samaki bila harufu yake. Sijui umaskini ulio mkubwa kuliko huo.

Wanawake wakakaa. Mchana wanachama walianza kuwasili na viatu vyao vyeupe, wakakuta korongo wamejipanga juu ya ukuta. Mkandarasi mmoja aliziba pua kwa leso.

"Mwenyekiti, umefungua soko?"

"Jaduong, mzee wetu, karibu," mmoja wa wanawake alimwambia kwa heshima zote. "Vuta pumzi. Huo ndio urithi."

Wenzake walicheka hadi wakashikana mabega. Yule bwana akaingia ndani, akafunga dirisha.

Jioni omena ilikuwa imekauka, inang'aa. Mama alinitilia kidogo kiganjani. Nilitafuna na sikukuta hata chembe ya mchanga. Kisha akamwendea mwenyekiti.

"Picha itumie," alisema. "Lakini tufungulie lango asubuhi za jua. Ukikataa, sitaki uso wangu ushikwe na watu mezani."

Mwenyekiti alisema angeshauriana na wenzake. Nami nilimwambia tajiri wangu kwamba bila jibu la lango sitaitoa picha ile, na kama ni kazi, aichukue. Hakuichukua. Hakuwa na mwingine wa kumsanifia wafalme.

Jibu lilikuja kwa simu: itafutwe picha nyingine. Tajiri wangu aliitoa mtandaoni mwenyewe, ufuo wa mchanga mweupe wenye minazi, ambao haupo popote katika ziwa letu. Mwenyekiti alipofungua pakiti ya kwanza aliugeuza mgongo wa karata kwenye mwanga, akaridhika.

"Naam," alisema. "Hii ndiyo Homa Bay yetu."

Kati ya watu waliokuwa tayari kuwa wafalme, hata mmoja hakutambua kwamba huko si kwao.

Jumapili nilikwenda kwa mama, kando ya barabara. Aliniuliza waliweka nini mwishowe.

"Minazi."

"Na lango?"

"Limefungwa."

Aliinama, akainua ncha ya turubai iliyokuwa chini.

"Shika upande ule tufunike," aliniambia. "Lori linakuja."